Miaka Thelathini na Moja ya Kusema "Haiingii"

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, mkaguzi mkuu wa pikipiki wa uwanja wetu wa mbio atavua aproni yake ya turubai na kwenda nyumbani kupumzika. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na moja, miezi miwili na siku tisa. Hesabu hiyo ni ya karani wetu. Mwenyewe alipoulizwa alisema hakumbuki tarehe ya kuanza, anakumbuka tu kwamba mvua ilikuwa inanyesha na paa la kibanda lilikuwa linavuja, na kwamba bado linavuja.

Wageni wanaokuja siku za mafunzo humjua kwa jina la Mama Tikisa. Ukifika na pikipiki yako saa moja asubuhi, hakusalimii wewe kwanza. Anaishika pikipiki kwa gurudumu la mbele, anaitikisa, anasikiliza. Anatikisa usukani, anatikisa cheni, anatikisa kiti. Ndipo anainua uso na kusema, "Haya, hujambo." Au anasema lile neno lake lingine, "Haiingii," na hapo hata ungekuwa mtoto wa nani, unarudi na pikipiki yako nyumbani.

Kamati iliponiomba niandike wasifu huu nilikataa mara mbili, kwa sababu itakayoeleweka mbele. Mara ya tatu nilimwendea yeye mwenyewe nikamwambia atafutwe mtu mwingine. Alikuwa anafuta spana kwa kitambaa.

"Andika wewe," akasema. "Ila ukiandika, na ile Jumamosi uiandike. Usiniandikie wasifu wa malaika. Mimi sijafa."

Basi nimeandika.

Alipoajiriwa alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na kazi yake ilikuwa kuandikisha majina mlangoni. Mkaguzi wa wakati huo alikuwa mzee mmoja fundi hodari aliyeingiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akawa anaficha. Alianza kumwomba yule binti wa mlangoni amsomee namba zilizoandikwa ubavuni mwa matairi. Baadaye akamwomba amtazamie kama pedi za breki zimekwisha. Ikafika mahali mzee anakaa kwenye kiti na kuita, "Macho yangu yako wapi?" na yeye anaacha daftari la majina na kukimbilia kibandani. Miaka mitatu ilipita hivyo. Mzee aliposhindwa kabisa, kwa miezi minne kamati ilitafuta mwanamume wa kushika nafasi yake. Miezi yote hiyo minne kazi aliifanya yeye. Mwishowe wakachoka kutafuta.

Visa vyake ni vingi na vingine mnavijua. Kuna bwana aliyeleta pikipiki inang'aa mpaka unajiona, imepakwa nta kila mahali. Mama Tikisa akaizunguka mara moja na kumwambia, "Umeiogesha, hujaitibu." Kuna mwenyekiti wa zamani aliyekosa nati moja kwenye ekseli ya nyuma, akakaa siku nzima kwenye jukwaa na kofia yake mapajani kama mtoto aliyekatazwa kucheza. Na kuna siku alipomkataza mumewe mwenyewe, mbele za watu, kwa sababu ya tairi lililokwisha. Mume, ambaye ni fundi cherehani na mtu mpole, aliisukuma pikipiki yake kilomita tano mpaka nyumbani. Siku tatu nzima waliongea kwa kupitia watoto: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako nimesikia.

Kwa hayo tungecheka mpaka mwisho wa ukurasa. Lakini ameniagiza niandike Jumamosi.

Ni miaka kumi na moja sasa. Ilikuwa siku ya mafunzo kwa wanaoanza, na mimi wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa mafunzo hapa uwanjani. Siku hizo zinaenda vilevile mpaka leo. Asubuhi ukaguzi, kisha darasa la ubaoni, kisha watu wanaingia njiani kwa makundi ya kumi kumi, mwalimu mbele na mwalimu nyuma, polepole kwanza, ili kila mtu azijue kona zote saba. Mchana ni somo la breki. Unakuja kwa kasi kwenye ule mnyoofu mrefu, na kwenye alama nyeupe unashika breki mpaka usimame.

Asubuhi hiyo alikuja kijana wa kama miaka thelathini aliyekuwa akisambaza mikate mjini. Alikuwa ameanguka mara mbili pale mzunguko wa barabara kuu, mikate ikatawanyika lami nzima, na mara ya pili basi lilisimama hatua moja kutoka kichwani pake. Dada yake mkubwa, karani wa posta, ndiye aliyemlazimisha kuja, naye alikuja amemsindikiza na chupa ya chai. Nilimwuliza kijana amekuja kujifunza nini. Akacheka. "Mwalimu, kwenda najua. Nimekuja kujifunza kusimama."

Mama Tikisa aliitikisa pikipiki yake. Akashika breki ya mbele, akapitisha kitambaa cheupe kwenye mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta, pale unapokunjika chini ya usukani. Kitambaa kikatoka na unyevu. Akamwonyesha.

"Unaona? Mpira umepasuka. Unavuja kidogo kidogo. Haiingii."

"Mama, nimetoka nayo nyumbani inashika vizuri tu."

"Nyumbani hukuishika kwa nguvu utakayoishikia huku. Nenda kabadilishe mpira, mwezi ujao urudi. Uwanja haukimbii, baba."

Yule kijana hakubishana. Alienda akakaa na dada yake kwenye benchi la nje ya uzio, wakawa wanaangalia wenzao wakizunguka. Saa tano nilipotoka njiani na kundi langu walikuwa wangali pale. Akanijia. Alisema ameomba ruhusa kazini wiki tatu kabla, na kwamba hajui atapewa nyingine lini. Alisema angeenda polepole. Hakuwa mjeuri. Angekuwa mjeuri ningemfukuza, na angekuwa hai.

Niliiendea ile pikipiki, nikaiminya breki mara mbili. Ilikuwa ngumu mkononi, kama breki nzima. Nikajiambia, huyu mama naye anazidisha. Kundi langu la mchana lilikuwa na watu tisa, nafasi moja ilikuwa wazi. Stika za ruhusa zilikuwa kwenye droo ya ofisi, siku hizo hazikuwa na namba wala sahihi. Nikachukua moja, nikaibandika kwenye tangi. Dada yake aliniambia, "Mungu akubariki, mwalimu." Mama Tikisa wakati huo alikuwa kibandani, ana pikipiki nyingine juu ya stendi na mgongo wake umetuelekea.

Mara ya kwanza kwenye ule mnyoofu alisimama vizuri. Mara ya pili alisimama vizuri kuliko wote, nikampungia mkono. Mara ya tatu alikuja kwa kasi kidogo, nikamwona anaminya, nikaona mkono wake umefika mpaka kwenye usukani na pikipiki haikupungua hata chembe. Alipita mbele yangu akinitazama. Alipita kona ya nne moja kwa moja, akagonga ukuta wa matairi, akarushwa upande wa pili penye zege. Bendera nyekundu zilipanda uwanja mzima. Gari la wagonjwa lilimfikia haraka, lakini halikufika naye hospitali akiwa hai.

Jumatatu, kamati ilimsimamisha kazi Mama Tikisa.

Pikipiki ilikuwa na stika, na stika ni kazi ya mkaguzi. Aliandika kwenye taarifa yake kwamba aliikataza pikipiki hiyo, na daftari lake lilisema hivyohivyo, lakini wakasema daftari linaweza kuandikwa baadaye. Dada wa marehemu hakuwa katika hali ya kuhojiwa, alikuwa amelazwa. Waliniita mimi. Waliniuliza kama najua stika ilifikaje pale. Nikasema sijui.

Neno moja tu. Nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko jina langu.

Alikaa nyumbani miezi mitano na siku kumi na mbili. Majirani walianza kuvuka barabara wakimwona. Mtu aliandika "muuaji" kwa mkaa kwenye geti lake, mumewe akalisugua asubuhi, kesho yake likawa limeandikwa tena. Binti yake wa mwisho alirudi shuleni siku moja akamwuliza, "Mama, ni kweli ulimruhusu?" Mumewe ndiye aliyenihadithia hayo, miaka mingi baadaye, bila kunitazama. Alisema mkewe alimjibu mtoto kwa neno moja, hapana, kisha akaenda uani, na huko hakuna aliyemfuata.

Mimi miezi hiyo niliendelea kufundisha. Nilisimama ubaoni nikachora kona, nikaeleza umbali wa kusimama. Usingizi ulinihama na chakula kikanishinda, lakini sitaki huruma ya mtu kwa hilo. Mwezi wa tano ulipokwisha nikaenda kwake, saa tisa mchana. Nilimkuta barazani amefungua cherehani ya mumewe, vyuma vimepangwa juu ya gazeti.

"Shika hapa," akasema, akanipa gurudumu la cherehani nilishike wakati anafungua skrubu. Nikashika. Nikiwa nimeshika hivyo nikamwambia. Nilisema yote, kuanzia droo mpaka stika.

Hakuacha kazi. "Nilijua siku ileile," akasema. "Mimi hubandika kushoto, chini ya kifuniko cha tangi. Ile ilikuwa kulia. Na mwenye ufunguo wa droo zaidi yangu ni wewe."

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Nilisema sikuibandika mimi. Wakaniuliza ni nani. Nikasema sikumwona mtu, na kweli sikumwona. Siwezi kumtaja mtu kwa kukisia, mimi ni mkaguzi." Akaipuliza skrubu vumbi. "Walikuuliza wewe?"

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nilisema sijui."

Hapo ndipo aliponitazama. Sitaandika ule uso ulivyokuwa.

"Basi umekuja pasipo pako," akasema. "Mimi nimenyimwa kazi tu. Kuna mtu kafiwa. Nenda huko kwanza. Kisha nenda kwa kamati, kisha polisi. Ukimaliza kote huko usirudi hapa kuniambia umemaliza, nitasikia."

Nilienda. Dada wa marehemu alinifungulia mlango, akanisikiliza nimesimama, akaufunga. Kamati ilinifukuza siku hiyohiyo na kumrudisha Mama Tikisa kazini kabla ya wiki tatu kwisha. Hakimu alinipa kifungo cha nje cha miaka miwili. Nikafagia korido za hospitali, na nikapigwa marufuku ya kufundisha kuendesha chombo chochote maisha yangu yote. Ni haki.

Siku ya hukumu, yule dada alinifuata nje ya mahakama. Sikumtegemea. Aliniambia kwamba alikuwa amekwenda kibandani kwa Mama Tikisa na kutaka aonyeshwe ile pikipiki, ambayo polisi walikuwa wameirudisha. Wengine walimshauri asiione. Mama Tikisa aliiondoa turubai, akamwonyesha mpira wa breki mahali ulipopasuka, akamweleza mafuta yalivyotoka na kwa nini mkono uliminya hewa. Hakumficha kitu. Ndipo yule dada akasema jambo ambalo hakuwa amelisema popote, si kwa polisi wala kwa mama yake mzazi.

"Ni mimi niliyemwambia aende akamwombe mwalimu. Yeye alitaka twende nyumbani."

Mama Tikisa alimshika mabega. "Kuomba si kosa, mwanangu," akamwambia. "Kila mtu huomba. Sisi tumewekwa hapa ili tukatae."

Dada akaniambia, "Nimekueleza ili ujue yupi alinisaidia." Akaondoka.

Mama Tikisa aliporudi kazini alikuta kamati imemwandalia barua ya kumwomba radhi. Aliisoma, akaikunja, akasema asante, kisha akatoa karatasi yake. Ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kila stika iwe na namba na sahihi ya mkaguzi, na ikae mfukoni mwake. La pili, pikipiki iliyokataliwa itoe ufunguo, nao utundikwe kibandani mpaka jioni. Mjumbe mmoja akasema jambo la pili litawaudhi wateja. Akamjibu kwamba siku ile yeye alimwachia yule kijana ufunguo mkononi, na kwamba sehemu hiyo ya kosa ni yake, hakimu asipoijua yeye anaijua. Kamati ilipitisha yote mawili. Tangu siku hiyo walioanguka hapa wapo, waliovunjika mitulinga wapo, lakini hakuna aliyetolewa humu amefunikwa uso.

Kuna kitu kimoja hakikurudi naye. Zamani alikuwa akifanya kazi huku anaimba chini kwa chini, wimbo usio na maneno, tukimtania kwamba pikipiki ikifeli wimbo unapanda. Tangu aliporudi, kibanda kiko kimya. Wafanyakazi wapya hawajui kwamba palikuwa na wimbo.

Miaka miwili yangu ilipokwisha niliandika barua ya kuomba kazi yoyote. Kamati ikampelekea yeye, ikisema uamuzi ni wake. Alirudisha barua ile na mstari mmoja chini yake: "Arudi, apewe bendera, asikaribie stika." Nikapewa bendera. Nimesimama kona ya nne miaka minane sasa, kona ileile, na sikuichagua. Yeye ndiye aliyenipanga pale. Sijui kama ilikuwa adhabu au ilikuwa imani. Sijawahi kuuliza. Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, na sioni kwamba anadaiwa kusema.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku yake ya mwisho ya mafunzo. Alikagua pikipiki thelathini na nane, akakataa sita. Mmoja wa wale sita alimfokea mbele ya watu, akamwita kizee. Yeye akanyoosha kiganja mpaka akapewa ufunguo.

Watu walipokwisha kuondoka, saa kumi na moja, nikiwa nakunja bendera, nilimwona anakuja kwa miguu kupitia njia ya mbio. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akivuka mstari wa geti; kazi yake huishia pale. Alikuja taratibu, magoti yanamsumbua, ameshika aproni ili isimpige miguuni. Alifika kona ya nne akasimama karibu nami. Akautazama ukuta wa matairi, na zege nyuma yake. Akageuka akatazama kibanda chake kule alikotoka. Kilionekana wazi, hata kiti chake, hata lile kopo la kunawia mikono mlangoni.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema.

Nikaikunja bendera ya mwisho.

"Miaka yote nilidhani alikwenda mbali."

Kisha akanipa mkono nimsaidie kuvuka ukingo wa lami, tukarudi pamoja hatua kwa hatua mpaka getini, ambapo mumewe alikuwa anamngoja.

Mama Tikisa, wapo watu mjini humu ambao leo watakula na watoto wao, na wakilisikia jina lako wanasonya. Wanamkumbuka mama mmoja aliyewaharibia siku. Hawajui ulichowapa, na hawatakuja kwenye sherehe yako. Basi kwa niaba yao, na kwa niaba yetu sote uliotukatalia tukaondoka na hasira zetu tukiwa wazima, tunakushukuru. Magoti yako yapate nafuu, nyumba yako iwe na amani, na mumeo abadilishe matairi kwa wakati. Upumzike vyema, mama.

Mshika bendera, kona ya nne